Simba hawakufungwa, mbona walitolewa? African Football League kwa lugha nyepesi

Kila mashindano ya CAF, shirikisho la soka Afrika, yanaporudi, swali hili nalo hurudi vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp: Oktoba 2023 Simba walicheza na Al Ahly ya Misri mara mbili kwenye African Football League, hawakufungwa hata mara moja, na bado wakatolewa. Ilikuwaje? Swali la pili hufuata papo hapo, mara nyingi likitoka kwa mtu wa Yanga: hiyo ligi yenyewe, iliyoanza tarehe 20 Oktoba ikaisha tarehe 12 Novemba, ilikuwa ligi ya namna gani?

Maswali yote mawili yanajibiwa na kitu kimoja, mfumo wa mashindano. Mashabiki wengi hawakuwahi kuelezwa mfumo huo kabla ya mpira kuanza, na jina lililochaguliwa lilizidi kuwachanganya. Tuuchambue taratibu.

Ligi, mtoano na pleiofu

Ligi ni mashindano ambayo kila timu hukutana na nyingine zote, kwa kawaida mara mbili, nyumbani na ugenini. Ukishinda unapata pointi tatu, ukitoka sare unapata moja, ukifungwa hupati kitu. Ligi Kuu Tanzania Bara yenye timu 16 humpa kila mshiriki mechi 30, na bingwa ni aliyekusanya pointi nyingi kuliko wenzake. Ni sawa na duka la rejareja: ukiuza vibaya Jumatatu, Jumanne unafungua tena, na hesabu ya kweli hufungwa mwisho wa mwaka. Ndiyo maana timu inaweza kupigwa mabao matano mwezi Novemba na mwezi Machi bado ikawa kwenye mbio za ubingwa.

Mtoano hauna Jumanne. Timu mbili zinakutana, moja inaendelea, nyingine inarudi kwao. Ukiwa wa mechi mbili, yaani mkondo wa kwanza na marudiano, mechi hizo huhesabiwa kama pambano moja refu la dakika 180. Hakuna pointi. Kinachoangaliwa ni jumla ya mabao. Mtu anayesema "tulitoka sare mbili, sisi pointi mbili na wao pointi mbili" anatumia hesabu ya ligi mahali ambapo ligi haipo.

Pleiofu ni mtoano unaochezwa baada ya ligi kwisha, kuamua jambo ambalo msimamo umeliacha wazi. Kwetu tunaijua zaidi upande wa kushuka daraja: timu ya 13 na ya 14 hukutana, atakayeshindwa hapo anakwenda kupambana na timu kutoka Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu. Marekani wanaitumia kumpata bingwa wenyewe. Katika msimu wa kwanza wa ligi yao ya MLS, mwaka 1996, Tampa Bay Mutiny walimaliza wakiwa na rekodi nzuri kuliko timu zote, lakini kombe lilichukuliwa na D.C. United walioifunga Los Angeles Galaxy 3-2 kwenye fainali. Ukikubali mfumo wa pleiofu, umekubali pia kwamba aliyekuwa bora kwa miezi sita anaweza kukosa kombe kwa siku moja mbaya.

Sasa, African Football League ya 2023 ilikuwa ipi kati ya hizo tatu? Ilikuwa mtoano mtupu, tangu mechi ya kwanza hadi ya mwisho. Hakukuwa na makundi wala msimamo.

Mechi 197 zilivyogeuka 14

Wazo halikuzaliwa hivyo. Rais wa FIFA, Gianni Infantino, alizungumzia ligi ya vigogo wa Afrika akiwa Lubumbashi mwaka 2019, kwenye sherehe za TP Mazembe kutimiza miaka 80. Agosti 2022, CAF chini ya Patrice Motsepe ikalitangaza rasmi jijini Arusha, wakati huo likiitwa Africa Super League. Mpango ulikuwa timu 24 kwenye makundi matatu ya kikanda, mechi 197, zawadi za jumla ya dola milioni 100, na bingwa kuondoka na zaidi ya dola milioni 11.

Hiyo 197 inafaa kupigiwa hesabu, kwa sababu inaonyesha kilichopotea. Kundi la timu nane, kila mmoja akikutana na wenzake saba nyumbani na ugenini, humpa kila mshiriki mechi 14. Kundi zima linakuwa na mechi 56, na makundi matatu 168. Kisha timu 16 zingeingia mtoano: mechi 16 za hatua ya 16 bora, nane za robo fainali, nne za nusu fainali, na fainali moja. Hizo ni 29. Jumlisha na 168, unapata 197. Kwa hiyo mpango wa Arusha ulikuwa ligi ya kweli inayofuatiwa na pleiofu.

Kilichochezwa 2023 kilikuwa timu nane, robo fainali nne, nusu fainali mbili na fainali moja, kila pambano likiwa na mechi mbili. Jumla ni mechi 14. Mashindano yote, kwa timu zote nane, yalikuwa na mechi sawa na zile ambazo timu moja tu ingecheza kwenye kundi lake katika mpango wa awali. Msimu uliondolewa, ikabaki pleiofu peke yake, na juu yake neno ligi likaachwa kwenye jina jipya.

Fedha nazo zilipungua. Bingwa wa 2023 alipata dola milioni 4, kiasi kile kile alichopata bingwa wa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka huo. Siwalaumu waandaaji kwa kuanza na kidogo. Mechi 197 zinahitaji wadhamini, televisheni, ndege za kuvuka bara zima na nafasi kwenye kalenda ambayo tayari imebeba AFCON, Ligi ya Mabingwa, Kombe la Shirikisho na ligi za nyumbani. Ninachowalaumu ni kuliacha neno ligi kwenye jina bila kuwaeleza watu kwamba kitu chenyewe kimebadilika.

Kilichotokea kwa Mkapa, na kilichotokea Cairo

Timu nane zilizoalikwa zilitoka nchi nane: Al Ahly, Wydad Casablanca, Espérance ya Tunis, Enyimba ya Nigeria, TP Mazembe ya Kongo, Petro de Luanda ya Angola, Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini na Simba. Heshima ya kufungua dimba ilipewa uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, Ijumaa ya tarehe 20 Oktoba, huku Infantino na Motsepe wakiwa jukwaani.

Al Ahly walitangulia kwa bao la Reda Slim mwishoni mwa kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili Kibu Denis akasawazisha, na muda mfupi baadaye Sadio Kanouté akafunga la pili, uwanja ukalipuka. Furaha ile haikudumu hata dakika kumi. Kahraba akasawazisha, mechi ikaisha 2-2.

Watu wengi walitoka uwanjani wakisema sare na bingwa wa Afrika si haba. Kwa hesabu ya ligi, ni kweli. Kwa hesabu ya mtoano, Simba walikuwa tayari nyuma, kwa sababu ya kanuni ya goli la ugenini.

Kanuni yenyewe ni hii: jumla ya mabao ya mechi mbili ikilingana, anavuka aliyefunga mengi ugenini. Hayo nayo yakilingana, zinapigwa penalti. Al Ahly walikuwa na mawili ya ugenini mkononi. Simba walikuwa hawana hata moja, maana walikuwa bado hawajasafiri.

Tarehe 24 Oktoba, Cairo. Filimbi inapopulizwa ubao unasoma 0-0, na kama mpira ungeishia hapo Al Ahly wangevuka. Kipindi cha pili Kanouté anafunga tena. Sasa jumla ni Simba 3, Al Ahly 2, na kwa dakika chache Simba wako nusu fainali. Kisha Kahraba, yule yule wa Dar, anasawazisha. Jumla 3-3. Goli la ugenini: Al Ahly mawili, Simba moja. Mpira unaisha 1-1, Simba wanarudi nyumbani bila kufungwa.

Angalia kilichofichika katika sare za Cairo. Sare ya 0-0 au 1-1 iliwavusha Al Ahly. Sare ya 2-2 ingepeleka pambano kwenye penalti, kwa sababu jumla ingekuwa 4-4 na kila mmoja angekuwa na mawili ya ugenini. Sare ya 3-3 ingewavusha Simba, kwa matatu ya ugenini dhidi ya mawili. Zote ni sare, zote zingeandikwa hivyo gazetini, na kila moja ina hukumu yake. Simba walihitaji bao moja zaidi baada ya kusawazishiwa, si mawili, na nadhani mashabiki wengi waliokuwa mbele ya televisheni hawakulijua hilo.

Kuna kosa moja linalosemwa sana hata redioni, kwamba goli la ugenini "linahesabiwa mawili". Halihesabiwi mawili. Chukua timu iliyoshinda nyumbani 3-2, kisha ikatoka 0-0 ugenini. Imevuka kwa jumla ya 3-2, basi. Kama yale mawili ya mgeni yangehesabiwa mara mbili, ingetolewa 4-3. Goli la ugenini huulizwa pale tu jumla inapolingana, na kazi yake inaishia hapo.

Simba hawakuwa peke yao

Kanuni hii ilianza Ulaya mwaka 1965, enzi ambazo safari zilikuwa ngumu na mgeni alikwenda kujilinda tu. Lengo lilikuwa kumpa sababu ya kushambulia, na kupunguza mechi za kurudia. Juni 2021 UEFA, shirikisho la soka Ulaya, waliifuta. CAF wakaendelea nayo, na mwaka 2023 ikaumiza watu wengi.

Mei mwaka ule, Yanga walifungwa 2-1 na USM Alger kwa Mkapa kwenye mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho. Tarehe 3 Juni wakaenda Algiers na kushinda 1-0, ushindi wa kishujaa ambao Wananchi, yaani mashabiki wa Yanga, wanaukumbuka mpaka leo. Jumla 2-2, lakini USM Alger walikuwa na mawili ya ugenini na Yanga moja. Kombe likabaki Algeria. Kwa hiyo pande zote mbili za Kariakoo, Simba na Yanga, zilipigwa na kanuni moja ndani ya miezi mitano, na sioni sababu ya upande mmoja kuucheka mwingine kwa hilo.

Mwezi ule ule wa Mei, Sundowns walitolewa na Wydad kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa: 0-0 Casablanca, 2-2 Pretoria. Nao hawakufungwa. Kumbuka majina ya hizo timu mbili, tutakutana nayo kwenye fainali.

Robo fainali nyingine za African Football League hazikuwa na utata. Sundowns waliwatoa Petro kwa ushindi wa 2-0 Luanda na sare tasa Pretoria. Wydad waliwafunga Enyimba 1-0 na 3-0. Mazembe walitumia uwanja wa Mkapa kama nyumbani, wakawafunga Espérance 1-0, kisha wakapigwa 3-0 Tunisia. Hapa kuna jambo la kujifunza: "nyumbani" katika kanuni ni suala la makaratasi. Kama wenyeji rasmi ni Mazembe, bao la Espérance ndani ya Dar es Salaam lingekuwa la ugenini, hata kama timu zote mbili zimelala hotelini.

Nusu fainali ya Wydad na Espérance ndiyo inayofaa kuwekwa kando ya robo fainali ya Simba. Wydad walishinda 1-0 kwao, Espérance wakashinda 1-0 kwao. Jumla 1-1, na hakuna aliyefunga ugenini. Goli la ugenini halikuwa na la kusema, zikapigwa penalti, Wydad wakavuka 5-4. Upande wa pili Sundowns waliwafunga Al Ahly 1-0 Pretoria, wakaenda Cairo wakaumaliza mchezo 0-0.

Fainali ikawa Wydad na Sundowns. Tarehe 5 Novemba, siku ile ile ambayo Simba walikuwa wanafungwa 5-1 na Yanga kwenye ligi ya nyumbani, Wydad walishinda 2-1 Casablanca. Mtu wa hesabu za ligi angesema Wydad wana pointi tatu. Ukweli ni kwamba Sundowns waliondoka Morocco wakihitaji ushindi wa 1-0 tu, kwa sababu ya lile bao moja la ugenini. Tarehe 12 Novemba, kwenye uwanja wa Loftus Versfeld, Peter Shalulile alifunga kipindi cha kwanza na Aubrey Modiba akaongeza la pili. Sundowns 3, Wydad 2, bila kuhitaji msaada wa kanuni yoyote.

Mambo yanayosemwa ambayo si kweli

Wapo wanaosema mashindano haya yaliichukua nafasi ya Ligi ya Mabingwa. Hapana. Msimu ule ule Simba walicheza Ligi ya Mabingwa, wakafika robo fainali, wakakutana tena na Al Ahly. Safari hiyo walifungwa 1-0 Dar na 2-0 Cairo. Hapo hakuna kanuni ya kulaumu.

Wapo wanaosema walioshiriki walikuwa mabingwa wa nchi zao. Bingwa wa Tanzania msimu wa 2022/23 alikuwa Yanga, tena aliyetoka kucheza fainali ya Afrika, na hakualikwa. Simba hawakupita mlango wa ubingwa. Walikuwa na rekodi ya kufika robo fainali za mashindano ya CAF mara nne ndani ya misimu mitano. Unaweza kubishana na uamuzi wa kualika timu kwa jina na rekodi badala ya kuzifuzisha, na mimi naona ubishi huo una haki. Mashindano ambayo mlango wake haujulikani huwanyima timu za chini sababu ya kuota.

Wengine huyafananisha na ile European Super League ya Aprili 2021. Ile ilikuwa uasi wa klabu 12 dhidi ya UEFA, ikasambaratika ndani ya siku chache. Hii ya Afrika ilikuwa mali ya CAF wenyewe, FIFA wakiwa nyuma yao. Zimefanana jina la awali tu. Na Sundowns hawakwenda Kombe la Dunia la Klabu 2025 kwa sababu ya kombe hili. Walipita kwa orodha ya viwango inayotokana na matokeo yao kwenye Ligi ya Mabingwa.

Msimu wa pili

Mwaka 2024 mashindano hayakurudi, wala 2025. Kalenda imejaa, na Kombe la Dunia la Klabu lenye timu 32 limekula nafasi kubwa. Yakirudi, ningependa yarudi na makundi, hata kama ni mawili ya timu nne nne. Kundi la timu nne humhakikishia kila mshiriki mechi sita, tatu zikiwa nyumbani. Simba walipata moja tu kwa Mkapa. Shabiki aliyekosa tiketi siku ile hakupata nafasi nyingine, na klabu nayo ilipata mapato ya mlangoni ya siku moja kutoka kwenye mashindano yaliyotangazwa kama mkombozi wa uchumi wa klabu za Afrika.

Kuhusu goli la ugenini, wenye kulitetea wana hoja. Safari kutoka Luanda hadi Tunis si sawa na treni ya London hadi Paris, na mgeni Afrika bado hukumbana na mengi. Lakini mimi ningelifuta. Linamfanya mwenyeji aogope kufungwa kuliko anavyotamani kufunga, na mechi ya nyumbani ndiyo pekee ambayo mashabiki wengi wanaweza kuhudhuria. Al Ahly wenyewe walionja uchungu huo Aprili 2025: walitoka 0-0 na Sundowns Pretoria, wakatoka 1-1 Cairo, wakatolewa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa bila kufungwa.

Kanuni ikiendelea kuwepo, basi klabu zetu ziieleze. Zina kurasa zenye mamilioni ya wafuasi, na kabla ya kila mechi huweka picha ya kikosi, picha ya jezi na bei za tiketi. Kabla ya marudiano ziweke picha moja zaidi yenye mistari minne: tukishinda tunavuka, sare hii inatutoa, sare hii ni penalti, sare hii inatuvusha. Usiku ule wa Cairo, Kahraba aliposawazisha, kila aliyekuwa anatazama angejua kwamba lilihitajika bao moja tu.